Jinsi maabara inavyotambua asali ilikotoka

Wahenga walinena: fuata nyuki ule asali. Wanakemia huanzia upande wa pili. Huichukua asali na kumfuata nyuki hadi kwenye maua, udongo na mvua vilivyomlisha. Elimu hii inawahusu sana wafugaji wa nyuki wa Kericho na Bomet, kwa kuwa asali halisi hushindana sokoni na ile iliyochanganywa na shira ya sukari.

Kipimo cha kwanza ni cha kaboni. Kaboni ina isotopu mbili thabiti, ya 12 na ya 13, na uwiano wake hutegemea aina ya mmea. Miti ya msituni na michai huwa na kipimo cha karibu hasi 25 kwa elfu. Miwa na mahindi, karibu hasi 11. Mtaalamu hupima asali, kisha protini iliyomo ndani yake. Protini ikitofautiana na asali kwa zaidi ya 1 kwa elfu, hiyo ni dalili kuwa imetiwa sukari ya miwa au mahindi, takriban asilimia 7 au zaidi.

Eneo hutambuliwa kwa njia nyingine. Isotopu za haidrojeni na oksijeni hufuata maji ya mvua. Kwa kawaida, mvua ya nyanda za juu, kama Kericho iliyo takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huwa na isotopu nzito chache kuliko ya nyanda za chini. Madini nayo hufichua udongo. Udongo wa majanichai una asidi, ambayo huyeyusha manganizi na alumini zikafyonzwa na mimea.

Chavua hutazamwa kwa hadubini. Michai huchangia kidogo, maana huchumwa na kupogolewa mara kwa mara, isipate nafasi ya kuchanua. Ushahidi zaidi hutoka kwa mikaratusi inayopandwa kuwa kuni za viwanda vya chai, na kwa miti ya asili ya msitu wa Mau kama vile silibwet, jina ambalo pia ni la mji ulioko Bomet.

Hata hivyo, shira ya mchele ina kaboni inayofanana na ya miti, hivyo hukipita kipimo cha kwanza. Mwaka 2023, Umoja wa Ulaya ulitangaza kuwa sampuli 147 kati ya 320 za asali kutoka nje, yaani asilimia 46, zilishukiwa kughushiwa.

Isitoshe, mashine haitaji jina la mahali, hulinganisha tu. Lazima kwanza ziwepo sampuli za uhakika zilizotolewa mizingani katika eneo husika, msimu baada ya msimu. Pasipo sampuli hizo, mfugaji mwaminifu hubaki na neno lake tupu mbele ya mnunuzi.