Peter Forsberg

Peter Mattias Forsberg (amezaliwa Örnsköldsvik, Uswidi, 20 Julai 1973) ni mchezaji mstaafu wa hoki ya barafu aliyecheza kama mshambuliaji wa kati. Kati ya mwaka 1995 na 2011 alicheza mechi 708 za msimu wa kawaida katika NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, akafunga mabao 249 na kutoa pasi 636 za mabao. Alitwaa Kombe la Stanley mara mbili akiwa na Colorado Avalanche (1996 na 2001), dhahabu ya Olimpiki mara mbili (1994 na 2006) na ubingwa wa dunia mara mbili (1992 na 1998) akiwa na timu ya taifa ya Uswidi. Nyumbani anajulikana zaidi kwa jina la utani, Foppa.

Ni wachezaji wachache mno waliokusanya mataji yote hayo, na walio wachache zaidi ni wale waliofanya hivyo huku mwili ukiwasaliti kila msimu. Majeraha yalimnyima Forsberg mamia ya mechi. Hata hivyo, kila aliporudi uwanjani alikuwa miongoni mwa walio bora kabisa, na hapo ndipo ulipo uzito wa historia yake.

Maisha ya awali na klabu ya Modo

Örnsköldsvik ni mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Uswidi uliokua kwa viwanda vya mbao na karatasi. Klabu yake ya hoki, Modo, ilipata jina kutokana na kampuni ya misitu ya Mo och Domsjö. Kwa ukubwa wake, mji huo umetoa wachezaji wakubwa wengi kupita kiasi: Anders Hedberg, Markus Näslund, mapacha Daniel na Henrik Sedin, na Victor Hedman. Näslund alizaliwa siku kumi tu baada ya Forsberg, na wawili hao walikua pamoja katika timu za vijana za Modo.

Baba yake, Kent Forsberg, alikuwa kocha. Alimfundisha mwanawe katika kikosi cha wakubwa cha Modo, na baadaye akawa kocha wa timu ya taifa. Peter aliingia kikosi cha kwanza akiwa bado kijana, na mwaka 1993 na 1994 akashinda Guldpucken, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka nchini Uswidi. Mwaka 1994 aliifikisha Modo fainali ya ligi, wakafungwa na Malmö.

Dunia ilimtambua mapema mwaka 1993, katika mashindano ya vijana ya dunia yaliyofanyika Gävle. Akiwa katika safu moja na Näslund pamoja na Niklas Sundström, Forsberg alifikisha pointi 31 katika mechi 7, yaani mabao 7 na pasi 24 za mabao. Katika hoki bao na pasi ya bao huhesabiwa pointi moja kila kimoja, na hakuna kijana aliyefikia idadi hiyo katika mashindano hayo kabla wala baada yake. Uswidi iliishia na medali ya fedha nyuma ya Kanada.

Uhamisho wa Lindros

Klabu za NHL hugawana haki za kuwasajili chipukizi kwa uteuzi wa kila mwaka. Katika uteuzi wa 1991, Philadelphia Flyers walimchukua Forsberg akiwa wa sita. Wengi walishangaa, kwa kuwa wachambuzi walikuwa wamempa nafasi ya chini zaidi. Aliyechukuliwa wa kwanza mwaka huo alikuwa Mkanada Eric Lindros, kijana mwenye umbo kubwa na kipaji kikubwa, lakini alikataa katakata kuichezea Quebec Nordiques iliyomteua.

Baada ya mwaka mzima wa mvutano, Juni 1992 Quebec waliamua kumuuza, na wakajikuta wamekubaliana na klabu mbili kwa wakati mmoja: Philadelphia na New York Rangers. Suala lilipelekwa kwa msuluhishi, akaamua kwamba Philadelphia ndio walioafikiana kwanza. Kwa Lindros peke yake, Flyers walitoa wachezaji sita (Ron Hextall, Steve Duchesne, Kerry Huffman, Mike Ricci, Chris Simon na Forsberg, ambaye alikuwa hajacheza hata mechi moja ya NHL), nafasi mbili za raundi ya kwanza katika chaguzi zilizofuata, na dola milioni 15.

Uhamisho huo ulizaa timu nzima. Moja ya nafasi zile za uteuzi ilimleta kipa Jocelyn Thibault, na Desemba 1995 Thibault akawa sehemu ya malipo yaliyompata kipa mashuhuri Patrick Roy kutoka Montreal. Msimu wa 1991–92 Quebec walikuwa wameshinda mechi 20 tu. Msimu wa 1994–95, ambao ulikuwa mwaka wa kwanza wa Forsberg, walimaliza vinara wa kanda ya mashariki.

Lillehammer, 1994

Kabla ya kuvuka Atlantiki, Forsberg alibaki Uswidi kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi huko Lillehammer, Norwei. Uswidi ilikuwa haijawahi kushinda dhahabu ya Olimpiki katika hoki ya barafu. Fainali dhidi ya Kanada ilichezwa tarehe 27 Februari 1994. Kanada waliongoza 2–1 hadi dakika mbili za mwisho, Magnus Svensson alipoisawazishia Uswidi. Muda wa nyongeza haukuzaa bao, na baada ya penalti tano kwa kila upande timu zilikuwa bado sare. Ikaja hatua ya penalti moja kwa moja, ambapo kosa moja linatosha kupoteza dhahabu.

Forsberg alimwendea kipa wa Kanada Corey Hirsch, akakata kuelekea kushoto kama anayetaka kupiga upande huo. Hirsch akateleza naye. Ndipo Forsberg akaachia gongo kwa mkono mmoja, akanyoosha mkono uliobaki nyuma yake hadi upande wa pili, na kukiburuta kisahani (kidude bapa kinachochezewa hoki) kikaingia polepole chini ya glovu ya kipa aliyekwisha kupita. Mtindo huo hakuubuni yeye. Mswidi mwenzake Kent Nilsson aliutumia katika mashindano ya dunia ya 1989, na Forsberg alikuwa ameukariri. Kuuthubutu katika penalti ya kuamua dhahabu ya kwanza ya taifa lake ni jambo jingine kabisa. Baada yake kipa wa Uswidi Tommy Salo akaokoa penalti ya Mkanada Paul Kariya, na Uswidi ikawa bingwa.

Mwaka 1995 posta ya Uswidi ilitoa stempu yenye picha ya tukio hilo. Hirsch hakuridhia sura yake itumike, hivyo kipa akachorwa akiwa na sare ya rangi tofauti. Hadi leo, watoto wanaojifunza hoki nchini Uswidi hulifanyia mazoezi bao hilo.

Quebec na Colorado

Msimu wa 1994–95 ulichelewa kuanza kwa sababu ya mgogoro wa mkataba kati ya wamiliki wa klabu na wachezaji, na kila timu ikabakiwa na mechi 48. Forsberg alicheza 47, akapata pointi 50 na kushinda Tuzo ya Calder ya mchezaji bora chipukizi. Majira ya joto yaliyofuata klabu ilihamishwa kutoka Quebec kwenda Denver na kupewa jina la Colorado Avalanche.

Mwaka wa kwanza mjini Denver ulikuwa wa neema. Forsberg alicheza mechi zote 82, akafunga mabao 30 na kutoa pasi 86 za mabao, jumla pointi 116, idadi ambayo hakuifikia tena. Yeye na nahodha Joe Sakic waliipa Colorado washambuliaji wawili wa kati ambao hakuna mpinzani aliyeweza kuwazuia wote kwa pamoja. Katika mechi ya pili ya fainali ya Kombe la Stanley dhidi ya Florida Panthers, Forsberg alifunga mabao matatu katika kipindi cha kwanza pekee. Colorado wakashinda 8–1, kisha wakamaliza kazi kwa ushindi wa mechi nne bila.

Mwaka 1999 aliongoza ligi nzima kwa pointi katika hatua ya mtoano, akiwa na 24, ingawa Colorado walitolewa na Dallas kabla ya fainali.

Bandama na kurudi uwanjani

Mei 2001 Colorado waliwatoa Los Angeles Kings katika mechi ya saba ya raundi ya pili. Usiku huohuo, baada ya chakula cha jioni mjini, Forsberg alishikwa na maumivu makali ya tumbo. Hospitalini ilibainika kwamba bandama lake limepasuka na kuvuja damu ndani, hali inayoweza kuua kwa muda mfupi, akafanyiwa upasuaji wa dharura kuliondoa. Wenzake waliendelea bila yeye na kuwashinda New Jersey Devils katika mechi saba za fainali. Jina lake likachongwa kwenye kombe kwa mara ya pili.

Alipumzika msimu wote wa kawaida wa 2001–02, huku akifanyiwa pia matibabu ya miguu. Alirudi mtoano ulipoanza, bila kucheza hata mechi moja ya maandalizi katika ligi, na akaongoza mtoano mzima kwa pointi: 27 katika mechi 20. Katika mechi ya tano ya nusu fainali dhidi ya Detroit Red Wings alifunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza. Colorado walipoteza mfululizo huo katika mechi ya saba, lakini hata wachezaji wa timu zilizofika fainali hawakufikia pointi zake.

Msimu uliofuata ndio kilele chake. Akicheza na Alex Tanguay na Milan Hejduk, alipata pointi 106 katika mechi 75. Alitwaa Tuzo ya Art Ross ya mwenye pointi nyingi zaidi na Tuzo ya Hart ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi kwa timu yake, Mswidi wa kwanza kupata tuzo hizo mbili.

Mtindo wa uchezaji

Washambuliaji wengi wenye ufundi hukwepa kugongana na hutegemea wenzao wenye nguvu kuwalinda. Forsberg alijilinda mwenyewe. Beki alipomjia akiwa na kisahani, hakusubiri kugongwa. Aliinama, akatanguliza bega au nyonga na kumgonga anayekuja kumgonga, kisha akaendelea na safari kisahani kikiwa bado kwenye gongo lake. Pembeni mwa ukuta, mahali ambapo wengine hupoteza kisahani, yeye alijenga mashambulizi, kwani mgongo wake ulikuwa kinga na macho yake yalikwisha kumwona aliye huru mbele ya lango.

Nguvu hiyohiyo ndiyo iliyomgharimu. Kila msimu ulikuwa na pigo lake: bega, kinena, mbavu, kifundo cha mguu. Lililomshinda hasa ni mguu wa kulia, ambao haukukaa imara ndani ya kiatu cha kutelezea. Mchezaji wa hoki husukuma, hugeuka na husimama kwa ukingo mwembamba wa chuma chini ya unyayo, na mguu ukicheza kidogo tu ndani ya kiatu, mizani yote ya mwili hupotea. Forsberg alifanyiwa upasuaji mara kadhaa na kujaribu viatu vya kila namna vilivyotengenezwa kwa kipimo chake, bila kupata tiba ya kudumu.

Miaka ya mwisho

Msimu wa 2004–05 ulipofutwa wote kwa mgogoro mwingine wa mkataba, alirudi Modo. Mwaka 2005 alijiunga na Philadelphia, klabu iliyomteua miaka 14 kabla, na katika mechi 60 za msimu wake wa kwanza huko alipata pointi 75. Februari 2007, akiwa nahodha, aliuzwa kwa Nashville Predators.

Mwaka 2008 alirejea Colorado na kupata pointi 14 katika mechi 9 alizoweza kucheza. Alijaribu tena akiwa na Modo, kisha kwa mara ya mwisho na Colorado mwanzoni mwa 2011. Baada ya mechi mbili alitangaza kustaafu, tarehe 14 Februari 2011.

Timu ya taifa

Mbali na Lillehammer, Forsberg alikuwa katika vikosi vilivyotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1992 na 1998, mara ya pili baba yake akiwa kocha mkuu. Mwaka 2003 alishiriki katika robo fainali ya kukumbukwa ya mashindano ya dunia jijini Helsinki, ambapo Uswidi walikuwa nyuma 5–1 dhidi ya wenyeji Ufini na wakashinda 6–5. Uswidi walimaliza na fedha mwaka huo na uliofuata.

Katika Olimpiki ya Torino mwaka 2006 alifika akiwa bado anauguza kinena. Fainali ilikuwa tena dhidi ya Ufini, na ikiwa 2–2, sekunde kumi baada ya kipindi cha tatu kuanza, Nicklas Lidström alifunga bao la ushindi kutokana na kazi ya Mats Sundin na Forsberg. Mwaka 2010 alibeba bendera ya Uswidi katika ufunguzi wa Michezo ya Vancouver.

Takwimu na heshima

Kwa wastani Forsberg alipata pointi 1.25 kwa kila mechi ya NHL. Katika mtoano alicheza mechi 151 na kupata pointi 171. Alipostaafu, ni Wayne Gretzky, Mario Lemieux na Bobby Orr pekee waliokuwa na wastani mkubwa kuliko wake wa pasi za mabao kwa mechi miongoni mwa wachezaji waliodumu katika ligi.

Oktoba 2011 Colorado waliistaafisha jezi yake namba 21. Aliingizwa katika jumba la kumbukumbu la Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu mwaka 2013, na katika Jumba la Kumbukumbu la Hoki mjini Toronto mwaka 2014. Mwaka 2017 NHL ilipotimiza karne moja, ilimweka katika orodha ya wachezaji wake 100 bora wa wakati wote. Wengi katika orodha hiyo walicheza mechi nyingi zaidi kuliko yeye, na nafasi aliyopewa miongoni mwao inaonyesha jinsi alivyozitumia vyema mechi 708 ambazo mwili wake ulimruhusu kucheza.