Breki Zilizogoma Kupona

Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, kona juu ya kona, na katika safari hiyo gari hushuka karibu mita 1,000. Chukua Noah iliyobeba baba, mama, watoto wanne, shangazi na viroba vya viazi na kabichi. Ikipimwa itakaribia tani 2. Uzito huo ukishuka mita 1,000 hutoa joto la kutosha kuchemsha maji ya ndoo tatu za lita 20. Dereva akiacha gia kwenye D na kushuka kwa mguu wa breki tu, sehemu kubwa ya joto hilo huishia kwenye diski mbili za mbele, dramu mbili za nyuma, na pedi na shuu ambazo zote pamoja zinaenea kwenye kikapu kidogo.

Akifika Mombo, pedeli imelainika kama sifongo na harufu ya kuungua imejaa ndani ya gari. Kesho yake gari liko gereji. Pedi zinabadilishwa, pesa inatoka, safari zinaendelea. Baada ya miezi miwili, yale yale.

Tatizo hilo ni la zamani karibu sawa na gari lenyewe. Agosti 1888, Bertha Benz alitoka Mannheim, Ujerumani, na wanawe wawili, Eugen na Richard, bila kumuaga mumewe Karl, akaliendesha gari la magurudumu matatu hadi Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Wengi humkumbuka kwa kununua mafuta kwenye duka la dawa mjini Wiesloch na kwa kuzibua bomba la mafuta kwa pini ya kofia yake. Fundi wa breki ana sababu nyingine ya kumkumbuka. Breki za gari lile zilikuwa vipande vya mbao, na miteremko ilikuwa inavila. Katika kijiji cha Bauschlott akamtafuta mshona viatu, akamwagiza apigilie ngozi juu ya mbao zile. Leni za breki za gari zinahesabiwa kuanzia hapo. Mama huyu angeweza kutafuta seremala amchongee mbao mpya, na zingelika kabla hajafika mbali. Aliona kwamba kinachosugua ndicho kinachoshindwa, akabadilisha kinachosugua.

Miaka tisa baadaye, 1897, Mwingereza Herbert Frood alianza kutengeneza leni kama biashara huko Derbyshire, eneo la vilima ambako mikokoteni ya farasi ilikuwa ikishuka kwa shida, hasa mvua ikinyesha. Kampuni yake aliiita Ferodo: herufi za jina lake mwenyewe zimepangwa upya, na nyingine moja, E, imechukuliwa kutoka jina la mkewe Elizabeth. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki wamelisoma jina hilo kwenye maboksi ya pedi maisha yao yote. Leni zake za pamba iliyokolezwa utomvu zilishika vizuri mpaka magari yalipoongeza kasi na uzito. Hapo pamba ikawa inaungua. Akahamia kwenye asbesto, ambayo haiungui.

Kwa breki lilikuwa jibu zuri, kwa mapafu ya watu lilikuwa msiba. Nellie Kershaw, aliyefanya kazi ya kusokota nyuzi za asbesto katika kiwanda cha Rochdale, alifariki mwaka 1924 akiwa na umri wa miaka 33, na kifo chake ndicho kilichowafanya madaktari waanze kuandika juu ya ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la asbesto. Hata hivyo Uingereza ilichukua hadi mwaka 1999 kupiga marufuku asbesto zote. Katika miaka hiyo yote mafundi wa dunia nzima walikuwa wakifungua dramu na kupuliza vumbi, kwa kompresa au kwa mdomo. Kupuliza huko bado kunaonekana kwenye gereji nyingi, na inauma kuona hivyo, kwa sababu kitambaa kilicholowa maji kinatosha kulifuta vumbi lile bila mtu kulivuta.

Tatizo lililofuata lilikuwa namna ya kufikisha nguvu ya mguu kwenye magurudumu. Magari ya mwanzo yalitumia vyuma na waya. Kila gurudumu lilikuwa na marekebisho yake. Moja likikaza zaidi, gari linavuta upande. Fundi alirekebisha Jumatatu, Ijumaa gari limerudi. Mmarekani Malcolm Loughead, kutoka familia iliyotoa jina la ndege za Lockheed, alipata hataza mwaka 1917 ya breki zinazosukumwa na kimiminika, na mwaka 1921 zikafungwa kwenye magurudumu yote manne ya Duesenberg Model A. Kimiminika hakichagui gurudumu, kinasukuma sawasawa kila upande wa bomba. Lakini vikombe vya kuzuia uvujaji, yaani sili, vilikuwa vya ngozi mbichi, na vilivuja. Wahandisi wa Maxwell, kampuni iliyokuja kuwa Chrysler, wakavibadilisha kwa vya mpira, na gari la Chrysler la mwaka 1924 likauzwa na breki hizo. Ford walishikilia vyuma na waya hadi magari yao ya 1939.

Ile sili ya mpira bado ipo ndani ya masta silinda ya kila Noah. Ndiyo maana mtu anayejazia mafuta ya injini au ya haidroliki kwenye kikopo cha breki, kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu, analiua gari polepole. Mpira huo haupatani na mafuta ya aina hiyo. Unavimba, unalainika, na kuanzia siku hiyo breki zitakamata zenyewe au pedeli itazama, hata zifungwe pedi za bei gani.

Kisha kuna joto, adui asiyeisha. Dramu ina kasoro ya maumbile: ikipata moto hutanuka na kuikimbia shuu inayoifuata, na joto lake limefungiwa ndani. Diski iko wazi kwenye upepo. Frederick Lanchester aliipatia hataza Uingereza mwaka 1902, lakini nusu karne ilipita kabla haijaonyesha thamani yake mbele ya watu wote. Mwaka 1953 Jaguar C-type zenye diski za Dunlop zilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, kwa wastani wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa, kwa sababu madereva wake waliweza kuchelewa kukanyaga breki mzunguko baada ya mzunguko, na breki zikawa zinajibu. Miaka miwili baadaye Citroën DS ikazileta diski za mbele kwa wanunuzi wa kawaida.

Magari ya familia ya aina ya minivan, yenye viti vya safu tatu, yalienea baadaye. Chrysler walianza kuyaunda ya kwao Windsor, Kanada, mwishoni mwa 1983. Renault wakafuata na Espace 1984. Toyota walileta TownAce Noah na LiteAce Noah mwaka 1996, na mwaka 2001 Noah mpya inayovutwa na magurudumu ya mbele. Nyingi zilikuja na diski mbele na dramu nyuma. Zilipofika Tanzania zikiwa zimeshatumika Japani, jina likawa la aina nzima ya gari. Na hapa zikapewa kazi ambayo mchoraji wake hakuiwaza: abiria kumi, mizigo juu, mteremko kila siku.

Gari kama hilo likirudi gereji mara ya tatu kwa ugonjwa uleule, fundi mzuri huanza kwa maswali. Pedeli inalainika ukishuka mlima, halafu inakaza ikipoa? Basi mafuta ya breki yanachemka. DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na ikishanyonya huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Mvuke unabanwa, kimiminika hakibanwi. Mguu unazama kwenye mvuke. Pedeli inazama taratibu gari likiwa limesimama kwenye taa, na hakuna tone chini? Sili ya masta silinda. Usukani unatetemeka ukikanyaga, ukachongesha diski, mtetemeko ukarudi? Angalia kutu kwenye habu inapokaa diski. Pedi ya ndani imekwisha, ya nje bado nene? Pini za kalipa zimeganda. Mwenye gari aliyenunua pedi mpya katika hali hizo zote amelipia kitu ambacho hakikuwa chanzo cha ugonjwa.

Kuna kazi moja inayofaa kutazamwa kwa karibu: kubadilisha mafuta ya breki na kutoa upepo. Kijana amekaa kwenye usukani, fundi amelala chini ya gari nyuma, mpira mwembamba umechomekwa kwenye nipo ya silinda na ncha yake imezama ndani ya chupa ya plastiki.

"Kanyaga. Kanyaga. Shikilia!"

Spana inazungushwa robo. Mafuta meusi kama chai ya rangi iliyokaa usiku kucha yanaruka ndani ya chupa, na mapovu nyuma yake.

"Imezama, fundi."

"Usiachie! Usiachie mpaka nifunge."

Spana inarudi. Sasa aachie. Mwanzo tena, mpaka mafuta yanayotoka yawe na rangi ya yale yanayojazwa juu, ambayo wakati wote hayaruhusiwi kwisha kikoponi, maana hewa ikiingia hapo kazi yote inaanza upya. Kwa gereji iliyozoea, kutoa upepo kwenye magurudumu manne kunachukua chini ya saa moja, na mafuta ni chupa moja au mbili.

Noah ile ya Lushoto ilikuwa na ugonjwa mwingine pia: gurudumu la mbele kushoto lilikuwa la moto kuliko la kulia baada ya kila safari, hata ya tambarare. Pedi za upande huo zilikuwa zimebadilishwa mara tatu, kalipa mara moja. Fundi alilegeza nipo, gurudumu likazunguka huru. Akaifunga, akamwambia kijana akanyage na kuachia, gurudumu likakamata na kubaki limekamata. Alipolegeza mpira wa breki upande wa masta silinda, bado limekamata; alipoufungua upande wa kalipa, mafuta yakachuruzika na gurudumu likazunguka. Akautoa mpira ule, akaulaza juu ya tairi la zamani, akaupasua kwa kisu kwa urefu. Kwa nje ulikuwa mweusi, mzima, hata chapa ya kiwanda inasomeka. Ndani ulikuwa umevimba, na njia ya mafuta ilikuwa imebana kiasi kwamba mguu wa dereva uliweza kuyasukuma yapite kwenda, lakini yalikosa nguvu ya kurudi. Mwenye gari aliuchukua ule mpira uliopasuliwa, akaugeuzageuza kwenye mwanga, akauliza wa kulia nao una umri gani.