Kuimarisha si kuimarika: kitenzi chenye kubeba mzigo mkubwa mu habari zetu

Mu habari za huku Mashariki, kitenzi «kuimarisha» hakipumziki. Usalama unaimarishwa, doria zinaimarishwa, amani inaimarishwa, na siku ingine waasi nao wanaimarisha ngome zao. Neno lenyewe halina kosa. Lakini mama mwenye alikimbia kijiji chake, akiwa mu kambi ya wahami pamoja na watoto, anasikiliza kitenzi kile ili ajue kama atarudi kuvuna maharagi yake ao atangoja tena. Njo maana tumeona vema kukieleza, pamoja na ndugu zake wenye watu wanakichanganya nao.

Shina lake ni «imara», neno lenye asili ya Kiarabu. Halibadiliki mbele ya kitu chochote: nyumba imara, miti imara, watu imara. Kutoka pale tunapata kuimarika, ni kusema kuwa imara, na kuimarisha, kufanya kitu kiwe imara zaidi. Angalia vizuri lile «zaidi». Kuimarisha kunataka kitu chenye kiko tayari. Huwezi kuimarisha daraja lenye halijajengwa. Kama kijiji hakikuwa na polisi hata mmoja, na leo kumi wamefika, basi polisi «wamewekwa» ao kituo «kimeanzishwa». Kesho wakiongezwa wengine ishirini, hapo tunaweza kusema ulinzi umeimarishwa.

Mfano mkubwa uko mu jina lenye kila mtu anajua. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kilianza hapa mwaka 1999 na jina la MONUC. Tangu tarehe 1 Julai 2010 kikaitwa MONUSCO. Ile S yenye iliongezwa ni ya neno la Kifaransa «stabilisation», na mara nyingi tunalitafsiri «kuimarisha utulivu». Mtu mwenye kupenda lugha angeuliza kwanza: utulivu upi ulikuwa tayari, wenye walikuja kuimarisha? Kwa masikio ya mkaaji wa Rutshuru ao wa Djugu, «kuleta utulivu» kungekuwa karibu zaidi na ukweli wa kazi yenyewe. Kuleta kunakubali kama kitu hakipo.

Sasa tufike mahali penye hatari. «Usalama umeimarishwa» na «usalama umeimarika» hazisemi jambo moja. Ya kwanza inaeleza kazi ya mtu: askari wameongezwa, vizuizi vimewekwa, doria ya usiku imeanza. Ya pili inaeleza matokeo: watu wanalala kwao, soko linafunguka, mwenye pikipiki anapita saa kumi na mbili ya jioni bila kunyang'anywa. Askari wanaweza kuongezwa mara mbili na watu bado wanalala mu pori. Mkubwa akitoa tangazo, karibu kila siku anasema kazi yake, ni haki yake. Lakini habari ile ikipita mu mdomo wa jirani, na kisha mu WhatsApp, «imeimarishwa» inageuka «imeimarika», halafu inageuka «kumekuwa salama, turudi». Herufi chache tu, na familia inashika njia.

Kwa hiyo ukisikia «umeimarishwa», uliza: na nani, na kwa kitu gani? Kama jibu haliko, jua kama umesikia ahadi. Ukisikia «umeimarika», uliza nani ameona. Mtu wa pale pale, mwenye analala pale, ushuhuda wake unapita tangazo lenye limeandikwa mu ofisi ya mbali.

Kuna mtego mwingine, wa sauti. Kudhibiti na kuthibitisha yanafanana mu masikio, zaidi kwa sisi wenye ulimi wetu hautenganishi sana «dh» na «th». Kudhibiti ni kushika kitu mu mikono, kukiongoza, hata kwa nguvu. Kuthibitisha ni kuonyesha kama jambo ni la kweli, kwa ushahidi. «Jeshi limedhibiti kilima» maana yake kilima kiko mikononi mwa jeshi. «Jeshi limethibitisha mapigano kwa kilima» maana yake jeshi limekubali kama mapigano yalikuwako, na bado hatujui kilima kiko mikononi mwa nani. Mtu mwenye anaandika ujumbe mbio mbio akikosa hapo, anaweza kugeuza vita nzima.

Kusimika nako kuna uzito wake. Unasimika nguzo, unasimika bendera, na mu makanisa wanasimika mchungaji. Kwa mwami, wengi wanasema pia kutawaza. Kitenzi hiki kinabeba heshima: mwenye kusimikwa amepitia njia yenye watu wanakubali. Mtu mwenye ameletwa ofisini na bunduki, tukisema «amesimikwa» tumekwisha kumpatia baraka. «Amewekwa» inatosha, na inasema ukweli. Tena kwa machifu wa kimila, kusimikwa na kutambuliwa ni mambo mawili. Sheria nambari 15/015 ya tarehe 25 Agosti 2015 juu ya machifu wa kimila inaacha mila ichague, kisha serikali itambue. Mizozo mingi ya ufalme inaanza pale upande mmoja unasema «sisi tumemsimika», na upande mwingine unajibu «lakini serikali haikumtambua». Wote wanaweza kuwa wanasema kweli.

Upande wa udongo, mambo yanauma zaidi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, mu kifungu chake cha 219, inatumia kitenzi cha Kifaransa «établir»: haki ya kutumia kiwanja inakuwa «établie» kisheria kwa «certificat d'enregistrement» peke yake. Hapa usitafsiri kwa kuimarisha! Ungesema «cheti kinaimarisha haki yako», mtu angefikiri haki iko tayari na cheti kinaongeza nguvu tu. Sheria inasema zaidi ya pale: bila cheti kile, haki haijasimama mbele ya sheria. Ile karatasi ya kununulia yenye shahidi wawili, ao mstari wa miyenzi wenye babu alipanda kwa mpaka, inaimarisha maneno yako mbele ya jirani na mbele ya chifu. Mbele ya sheria ile, haithibitishi haki. Wengi wamejua tofauti hiyo siku mtu mwingine alikuja na cheti mkononi.

Yaliyobaki ni mepesi. Kukita ni kuingiza ndani hadi kitu kisiyumbe: kukita nguzo, kukita mizizi, kukita kambi. Kuasisi ni kuanzisha chama ao shirika, ni neno la vitabu zaidi, mu barabara hulisikii. Kukaza ni la mikono: unakaza kamba, unakaza misumari, na mu mazungumzo unaambiwa «kaza roho». Kule Lubumbashi, kujenga ni «kuyenga», na fundi akikuambia anayenga ukuta, usimsahihishe. Ukuta utasimama tu.