Kuona Stima

Mita ya kawaida, ile iliyo juu ya meza ya kila fundi hapa Kongowea, hukwambia kuna volti ngapi. Haikuonyeshi kama volti hizo zimetulia ama zinacheza. Hiyo ni kazi ya osiloskopu, na vijana wenzangu wa Nyali wanaopenda kuunda vitu huniuliza swali moja tu: ya bei nafuu, nichukue gani? Mimi huanzia mbali.

Mwaka 1897 Mjerumani Karl Ferdinand Braun aliunda mrija wa kioo ambamo miale ya elektroni ilichora umbo la mkondo wa stima. Nusu karne baadaye, 1947, Tektronix ya Marekani ikatoa modeli 511 kwa dola 795. Hiyo ndiyo ilikuwa nafuu! Ng'ambo ya daraja, kule Tudor, MIOME ilianza kuwafundisha Waislamu wa pwani ufundi mwaka 1951. Leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kwa bei kama ile, kifaa hiki kilikuwa cha maabara, si cha mtu na chumba chake.

Kilichovunja bei ni dijitali. Osiloskopu ya sasa hupima volti mara nyingi kwa sekunde, kisha huunganisha vitone. Mwaka 2010 wapenzi wa elektroniki waligundua kuwa Rigol DS1052E ya Uchina, iliyouzwa kama ya megahezi 50, ukibadilisha programu tu inafika 100. Ndani vyuma ni vile vile! Kumbe kinachouzwa ni kasi, basi jua kwanza wewe unataka kasi gani.

DSO138, ile ndogo unayoilehemu mwenyewe, hupima mara milioni moja kwa sekunde na huona hadi kilohezi 200. Kwa amplifaya ya matatu yatosha na kubaki, maana sikio la binadamu haliendi zaidi ya kilohezi 20. Lakini Arduino ikiongea na kadi ya kumbukumbu kwa megahezi 4, utaona ukungu mtupu. Hapo weka pesa kidogo kidogo, ungojee ya megahezi 50 yenye chaneli mbili, hata ikiwa mtumba. Chaneli mbili sibishani na mtu: unataka kuona kinachoingia na kinachotoka kwa wakati mmoja.

Na chaja iliyochomekwa ukutani, usiipime bado. Klipu ya osiloskopu ya mezani imeungana na waya wa ethi. Ukiibana pasipofaa, ni cheche na moshi. Anza na betri ya volti 9.