Chang'aa ya Busibwabo: Mtambo Ulipitia Wapi?

Kila ninayemuuliza kati ya Mumias na mpaka wa Busia ana jibu moja: chang'aa ililetwa na askari Wanubi. Walipita, wakafundisha, wakaenda zao. Naishuku hadithi fupi kiasi hicho. Kupika pombe kali hakufunzwi njiani. Kwa hiyo naifuata barabara ya zamani ya misafara kuelekea magharibi, hadi Busibwabo. La kwanza: askari hao walipita huku kweli?

Walipita. Mwaka 1891 mamia ya askari wa Kisudani, ndio Wanubi hao, pamoja na wake na watoto wao, walichukuliwa karibu na Ziwa Albert wakaajiriwa Uganda. Bukhayo, eneo lenye Busibwabo, ilikuwa bado sehemu ya Uganda; ilihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Mwaka 1897 kikosi chao kilichoasi Ravine kilipitia Nandi na Mumias kikielekea Busoga. Lakini waasi wanaofuatwa hawana siku za kusubiri nafaka ichachuke. Mtambo unataka makao, kuni, maji na mtu wa kuulinda moto. Ni nani basi alikaa?

Nilitumaini sheria za zamani zingenijibu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulidhibiti pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Ule wa Saint-Germain wa 1919 nao ukakataza kuipika. Mtu aweza kusema: kama ilikatazwa, basi ilikuwapo. Sikubali. Mikataba hiyo ilifunika nchi nyingi kwa kalamu moja, wala haithibitishi jiko hata moja kando ya Mto Sio. Njia hiyo imeniishia hapo. Kama karatasi hazisemi, nani atasema?

Nikaigeukia pombe yenyewe, nikianza na busaa, ambayo haipitii mtambo. Nyumbani kwa mama mmoja Busibwabo, busaa huanza na unga wa mahindi uliokandwa kwa maji na kuachwa uchachuke. Kisha unakaangwa juu ya bati pana hadi uwe wa kahawia na kunukia kama ukoko wa ugali. Ndipo huongezwa maji na kimea cha wimbi, na baada ya siku chache huchujwa. "Usimeze upesi, mwanangu," aliniambia. Nilitii. Uchachu ulitangulia, ukafuata moshi, mwisho utamu mdogo wa wimbi ukabaki kooni. Jirani zake Wateso hutumia wimbi lenyewe, na pombe yao huinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja huku maji ya moto yakiongezwa. Katika busaa nafaka isiyooteshwa huungana na kimea: ni wapi tena watu wameushikilia mchanganyiko huo?

Ayalandi. Wiski yao iitwayo pot still hutokana na shayiri iliyooteshwa na shayiri mbichi, kila moja angalau asilimia 30. Hupikwa katika mitambo ya shaba yenye umbo la chungu, kwa kawaida mara tatu, kisha hulazwa katika mapipa ya mbao kwa miaka isiyopungua 3. Nilimimina kidogo katika glasi nyembamba, nikanusa midomo ikiwa wazi ili ukali usinichome pua, nikaongeza matone ya maji. Shayiri mbichi ilijitokeza: ukali wa viungo, na unono wa mafuta uliotanda ulimini. Waayalandi nao wana hadithi yao fupi, kwamba shayiri mbichi iliingizwa ili kukwepa kodi ya kimea ya mwaka 1785. Kumbe nafaka mbichi ilitumika huko kabla ya kodi hiyo. Kodi iliisukuma mbele tu. Je, huku kwetu askari nao hawakusukuma mbele kitu kilichokuwapo?

Mtambo, hata hivyo, una habari zake. Kuna ule wa sufuria kubwa ya kangara (mchanganyiko uliokwisha kuchachuka), yenye kisufuria cha kukingia ndani na karai la maji baridi juu. Mvuke hugonga karai, ukadondoka. Kuna na ule wa pipa lenye bomba la shaba linalopita majini. Yote miwili inajulikana pande zote za mpaka. Kama mwalimu alikuwa mmoja, mbona mitambo ni miwili?

Hapo nikatazama mashariki. Wanubi walipewa makao Kibra, Nairobi, na wanawake wao wakajulikana kwa pombe kali waliyowauzia vibarua wa mji. Wengi wa vibarua hao walitoka magharibi, na reli iliyopitia Malaba ilifika Kampala mwaka 1931. Naona mtambo ulisafiri zaidi ya mara moja: pamoja na familia za askari waliokaa kambini Mumias, na baadaye pamoja na vibarua waliorudi nyumbani. Hadithi ya askari ina ukweli kuhusu mtambo. Kuhusu kinywaji, inawadhulumu akina mama waliojua kimea kabla ya bomba kufika. Mbona wao hawatajwi?

Pengine kwa sababu walilazimika kujificha. Uganda ilitunga sheria ya enguli, jina la huko la pombe kali hiyo, mwaka 1965, ikadai leseni. Kenya ikapiga chang'aa marufuku kabisa mwaka 1980, hadi sheria ya 2010 ilipoiruhusu kwa masharti. Katika maficho hayo nafaka ilishindwa na sukari nguru na molasi, zinazochachuka bila kungoja kimea. Wengine wakatia methanoli. Nairobi, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa. Ndiyo maana chang'aa niliyoonyeshwa sikuinywa. Nilisugua tone viganjani, nikanusa: miwa mitupu, wimbi halimo. Sasa namtafuta mpishi mmoja, Bukhayo au Teso, ambaye bado anaanza na kimea. Yuko kijiji gani?