Akisema mama ni ushuhuda, akisema baba ni mahubiri

Mwishoni mwa Waraka kwa Warumi, mahali ambapo wasomaji wengi hupita mbio kwa kuwa ni salamu tupu, Paulo anamtambulisha mama aitwaye Fibi, wa kanisa la Kenkrea, bandari ya mashariki ya mji wa Korintho. Biblia ya Union Version iliyotoka mwaka 1952 inamwita mhudumu. Ukifungua Wafilipi, mstari wa kwanza kabisa, neno lilelile la Kigiriki limekuwa mashemasi. Wafasiri wasirukiwe bure, maana neno lenyewe linabeba maana zote mbili, na Paulo na Apolo nao wameitwa wahudumu katika Wakorintho wa Kwanza. Hata hivyo Fibi ametajwa pamoja na kanisa analolitumikia, kama anavyotajwa mtu mwenye nafasi, na msomaji wa Kiswahili hana namna ya kujua kwamba hapo palikuwa na neno la kuchagua. Mhudumu, kwa sikio la mtu wa Dar es Salaam wa leo, ni yule anayemletea chai mezani. Huo ndio mwanzo mzuri wa kuisoma historia ya mabishano ya Wakristo juu ya mwanamke kusema na kufundisha kanisani. Ukiifuata kwa karibu utaona kwamba mara chache sana yalihusu kama mwanamke aseme au asiseme. Amekuwa akisema muda wote. Yaliyogombewa ni jina la kile anachokisema, na mahali anaposimama akikisema.

Mistari inayobeba mzigo wote inajulikana hata na wasiosali. Ule wa Wakorintho wa Kwanza sura ya 14 unawaagiza wanawake wakae kimya kusanyikoni, na wakiwa na swali wakawaulize waume zao nyumbani. Ule wa Timotheo wa Kwanza sura ya 2 unamkataza mwanamke kumfundisha mwanamume au kuwa na amri juu yake. Lakini sura tatu tu kabla ya agizo la ukimya, Paulo huyohuyo anawaelekeza wanawake wafunike vichwa wanaposali na wanapotoa unabii, na hakuna mtu anayeweka utaratibu wa jambo alilolipiga marufuku. Matendo ya Mitume yanawataja binti wanne wa Filipo waliokuwa wakitabiri, na Prisila ambaye pamoja na mumewe Akila alimnyoosha Apolo, msomi wa Maandiko. Mtetezi wa ukimya atajibu kwamba Prisila alimfundisha Apolo faraghani, si mbele ya kusanyiko. Jibu hilo lina uzito, ila kumbuka kwamba kwa kulitoa amekwisha kukubali kuwa mwanamke alimfundisha mwanamume imani. Kilichobaki mezani ni ukumbi.

Ukumbi huo tunaukuta tena Kartago, Afrika ya Kaskazini, kiasi cha mwaka 200. Tertuliano, mwandishi mkali kama pilipili, alikasirishwa na wanawake waliodai haki ya kufundisha na kubatiza kwa kutumia kisa cha Thekla, binti anayesimuliwa kuwa mwanafunzi wa Paulo. Alijibu kwamba kisa hicho kilitungwa na kasisi mmoja wa Asia ambaye alikiri na akavuliwa kazi. Hasira yake ni ushahidi mzuri, kwa kuwa mtu haandiki kukanusha dai ambalo hakuna anayelitoa. Tertuliano huyohuyo, katika kitabu chake juu ya roho, anasimulia kwa heshima kubwa habari za dada wa usharika wake aliyekuwa akipata maono ibada ya Jumapili ikiendelea. Dada huyo hakusema papo hapo. Alisubiri watu waruhusiwe kwenda zao, ndipo akawaeleza viongozi aliyoyaona, nao wakayapima na kuyaandika. Kwa maneno mengine, kanisa lilimhitaji na lilimwamini, lakini lilimpa zamu baada ya baraka ya mwisho.

Miaka zaidi ya 1,500 baadaye, huko Uingereza, utaratibu uleule ulirudi ukiwa umeandikwa kwa undani wa kuchekesha. Februari 1761 Sarah Crosby, kiongozi wa darasa la Wamethodisti, alifika Derby akitarajia watu kama thelathini. Wakaja kama mia mbili. Hakuweza kuzungumza na kila mmoja, basi akawahutubia wote kwa pamoja, kisha akamwandikia John Wesley, kiongozi wa Wamethodisti, kuuliza kama amevuka mpaka. Wesley alimwambia hajavuka. Alimshauri aanze kwa kuwatangazia watu kwamba Wamethodisti hawaruhusu wahubiri wanawake na kwamba yeye hadai cheo hicho, kisha awaambie tu yaliyo moyoni mwake. Mwaka 1769 akamwongezea masharti: asichukue somo la Biblia na kulieleza, na asiseme mfululizo bali akatishe kila baada ya dakika nne au tano. Wesley hakuwa mnafiki. Aliona kwa macho yake kwamba watu wanaokoka, na miaka miwili baadaye alikuwa tayari kukiri kwamba baadhi ya wanawake wana wito wa pekee usiofungwa na kanuni ya kawaida. Lakini pima ule ushauri wa dakika tano. Aliyesimama mbele ya watu mia mbili anaweza kuhubiri saa nzima, mradi kila mara avute pumzi ili isiitwe mahubiri. Wesley alifariki 1791, na mwaka 1803 mkutano mkuu wa Wamethodisti ukaamua kwamba mwanamke mwenye wito huo ahutubie wanawake wenzake tu, tena kwa kibali.

Hapo ndipo panapoonekana mwenendo ninaousisitiza. Vuguvugu likiwa changa, linakutana sebuleni na halina mishahara ya kugawana, mwanamke anasema. Likipata majengo, kanuni na vyeo, anapewa kiti. Afrika Mashariki imeupitia mwenendo huo kwa miguu yake. Uamsho uliosambaa kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulijengwa juu ya ushuhuda. Katika mikutano ya Walokole, yaani wafuasi wa uamsho huo, mke wa mkulima alisimama mbele ya padri wake, akaungama, akaeleza Neno lilivyomkamata, na hata akamwonya aliyemzidi umri na cheo. Jumapili iliyofuata, mimbari ilikuwa ya mwenye joho. Mama yuleyule, Neno lilelile, watu walewale. Alhamisi ni ushuhuda, Jumapili angeulizwa amepata wapi ruhusa. Waliochoshwa na mpaka huo walijitafutia pa kusimama. Gaudencia Aoko, mmoja wa waanzilishi wa kanisa la Legio Maria huko Kenya mwaka 1963 pamoja na Simeo Ondeto, alibatiza maelfu ya watu kabla ya utawala wa kanisa hilo kushikwa na wanaume, naye akajitenga.

Makanisa mawili yanaonyesha mvutano huu wa majina kuliko mengine yote. Mwaka 1970 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Teresa wa Avila na Katarina wa Siena kuwa Walimu wa Kanisa. Cheo hicho, kama kilivyo kwa Kiswahili, kinasema waziwazi kwamba wanawake hao wanalifundisha kanisa zima, maaskofu wakiwemo. Lakini kwa sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 mlei, mwanamume au mwanamke, anaweza kuruhusiwa kuhubiri kanisani isipokuwa homilia, ambayo ni ya padri au shemasi. Hapa lazima tuwatendee Wakatoliki haki. Waraka wa Yohane Paulo wa Pili wa 1994 unaofunga mlango wa upadri haudai kwamba mwanamke hana akili ya kufundisha. Unasimama juu ya sakramenti na juu ya Yesu kuchagua mitume kumi na wawili wanaume. Hiyo ni hoja nyingine, na anayeijibu kwa kuorodhesha wanawake wasomi anapiga kando ya shabaha. Kwa Wasabato hali ni ngumu zaidi kueleza. Ellen White, aliyefariki 1915, ndiye sauti iliyowajenga, na alibeba hati za mchungaji ingawa hakuwahi kuwekewa mikono. Julai 2015, mjini San Antonio, wajumbe 1,381 dhidi ya 977 walikataa kila divisheni ya kanisa hilo ijiamulie kuhusu kuwawekea mikono wachungaji wanawake. Kwingine wanawake hao wanaendelea na uchungaji uleule kwa idhini yenye jina jingine.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linasema kwamba hayo majina si mchezo. Timotheo wa Kwanza, wanasema, inarudi kwa Adamu na Hawa, kwa hiyo si desturi tu ya Efeso, mji alikokuwa Timotheo. Kinachokatazwa ni mamlaka, na sauti imeachwa huru. Msimamo huo ni wa watu makini, na nakubali kwamba rejea ya Adamu haifutiki kwa kusema nyakati zimebadilika. Shida yake ni kwamba mpaka wa mamlaka ungekuwa wa uumbaji ungekaa mahali pamoja. Kwa Tertuliano ulikuwa mwisho wa ibada, kwa Wesley ulikuwa dakika ya tano, kwa Walokole ulikuwa mlango wa kanisa. Mpaka unaohama kila kizazi umewekwa na wanadamu, hata kama waliouweka walikuwa na nia njema.

Pingamizi la pili husikika zaidi kwetu: kwamba mwanamke mimbarini ni mzigo wa Wazungu. Lakini mimbari ya wanaume peke yao nayo ilishuka melini pamoja na wamisionari. Pwani ya Kenya, mwaka 1913, Mekatilili wa Menza aliwahutubia Wagiriama na kuwaapisha dhidi ya Waingereza, na hakufundishwa na Mzungu. Kanisa la Sweden, lenye uhusiano wa miaka mingi na Walutheri wa Bukoba, lilibariki wachungaji wanawake wa kwanza 1960. Kama Walutheri wa Tanzania wangekuwa wanaiga tu, wasingengoja miaka 30. Kanisa lao, KKKT, lililoundwa 1963, liliamua 1990 na kubariki wa kwanza 1991, baada ya mabishano yake yenyewe. Uganda, aliyewawekea mikono wanawake watatu huko Kigezi mwaka 1983 alikuwa askofu wa Kianglikana Festo Kivengere, Mlokole wa asili, mtu aliyekulia katika mikutano ambayo akina mama walishuhudia. Mwaka huohuo huko Kenya Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, Mwanglikana mwenzake, alimwekea mikono Lucia Okuthe. Wapresbiteri wa PCEA walikuwa wamewatangulia kwa Nyambura Njoroge, 1982. Mwaka 2021 Waanglikana wa Kenya wakapata askofu msaidizi Emily Onyango huko Bondo, na Rose Okeno akawa askofu wa dayosisi ya Butere.

Kiswahili, kwa upande wake, hakikuhitaji kutunga neno. Ngeli yetu ya watu haiulizi jinsia: mchungaji ni mchungaji, askofu ni askofu. Taabu imekuja kwenye kuitana. Mama Mchungaji lilikuwa tayari jina la mke wa mchungaji, mama anayepokea wageni, anayesimamia kikundi cha wanawake na kukaa benchi la mbele. Waumini wanapomwita hivyo mwanamke aliyevaa kola wanampa heshima, na mgeni anayepita hapo bado hajui kama anatajiwa mwenye usharika au mke wa mwenye usharika.