Dhahabu ya Bendera na Manjano ya Kompyuta

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumze habari za rangi, ingawa chombo chetu hiki cha redio hakina rangi hata moja.

Kiswahili kina rangi tatu tu zilizopewa heshima ya kuwa sifa kamili: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Hizi hubadilika kufuata jina linalosifiwa. Tunasema shati jeupe, kitabu cheusi, mbuzi mwekundu. Nyingi kati ya zilizobaki zinaegemea kitu fulani. Kijani ni jani, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni lile tunda, na samawati imetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu. Manjano ni ile bizari ya jikoni. Kaki tulivalishwa na wakoloni, nao waliipata India, kutokana na neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi. Na yuko Mswahili mmoja, jina lake halikuandikwa popote, aliyetupatia "damu ya mzee". Sijaona kampuni ya rangi ya Ulaya iliyobuni jina zuri kuliko hilo.

Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha kitabu wakidai kwamba lugha ikiwa na majina matatu tu ya msingi ya rangi, basi matatu hayo huwa ni nyeupe, nyeusi na nyekundu. Wenzao wamebishana nao tangu hapo. Mimi nikiitazama khanga ya kisutu, ile anayovishwa bi harusi wa pwani, naona nyekundu, nyeusi na nyeupe, wala sina ubishi.

Jambo ninalotaka kusema ni kwamba kwetu sisi rangi ni kitu kwanza. Mtu akitaja manjano, mkono wake unakumbuka bizari. Kompyuta haikumbuki bizari. Inajua namba peke yake, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Chukua bendera yetu. Chama cha TANU kilikuwa na bendera ya kijani na nyeusi. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, rangi hizo zilibaki, na katikati yake ikawekwa mistari ya dhahabu. Baada ya Muungano wa 1964 ikaongezwa buluu kutoka bendera ya Zanzibar, na tarehe 30 Juni mwaka huo huo tukapata hii tuliyo nayo. Kijani ni ardhi na mimea, nyeusi ni watu, buluu ni maji, na ile ya nne ni madini. Darasani tuliimba kwamba ni manjano, lakini iliyokusudiwa ni dhahabu. Hata bendera zinazopepea kwenye ofisi za vijiji zimeshonwa kwa kitambaa cha manjano, wala hakuna anayelalamika, maana tumefundishwa kuona dhahabu hapo.

Hakuna anayelalamika, isipokuwa mzee mmoja wa Tumati.

Tumati ni kata ya wilaya ya Mbulu, katika mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Nilipita huko kwa shughuli nyingine, nikasimama kwenye duka dogo la steshenari kutoa nakala ya karatasi zangu. Nikawakuta wajumbe wa kamati ya shule wamemzunguka kijana mwenye duka. Alikuwa ametengeneza bango la mahafali ya darasa la saba kwenye kompyuta yake, juu limepambwa kwa rangi za bendera, akalituma mjini kuchapishwa. Lilikuwa limefika asubuhi hiyo kwa basi. Kijani ilikuwa kama majani ya maboga yaliyochemka. Buluu ilikuwa imefifia. Na ile dhahabu, mzee mmoja aliigusa kwa kidole akamgeukia mwalimu mkuu.

"Mwalimu, hii si dhahabu. Hii ni bizari."

"Mzee wangu, shikamoo tena," kijana akasema, "lakini mlilikubali wenyewe hapa hapa kwenye kioo."

Zilikuwa zimelipwa shilingi 60,000 za michango ya wazazi, watu waliouza maharage ili mtoto aagwe kwa heshima. Kwa maoni yangu kijana alisema kweli na mzee naye alikuwa sahihi.

Wairaqw si wageni wa mambo ya rangi. Zile sketi zao za ngozi zilizoshonwa shanga ni kazi ya kutulia. Lakini mshonaji alichagua katika shanga zilizoletwa na mfanyabiashara, akaishika mkononi, na aliyoishika ndiyo aliyoishona. Kijana wetu hakushika kitu. Alichagua mwanga, akaletewa wino.

Mwaka 1861, huko London, James Clerk Maxwell alionyesha picha ya utepe wa rangi kwa kutumia mianga mitatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Kioo cha kompyuta kinafuata njia hiyo hiyo. Kila nukta yake ina taa tatu ndogo, na kila taa ina ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Zidisha 256 kwa 256 kwa 256, unapata rangi 16,777,216. Ukitaka manjano kali, unawasha nyekundu 255 na kijani 255, buluu unaizima kabisa. Yaani katika kioo kile hamna taa ya manjano hata moja! Jicho ndilo linalochanganya.

Karatasi nayo haina taa. Wino kazi yake ni kumeza mwanga, na mchapaji ana wino wa aina nne: siani, ambayo ni buluu ya majimaji, majenta, ambayo ni nyekundu inayokaribia zambarau, kisha manjano na nyeusi. Mianga mitatu ukiichanganya unapata nyeupe, lakini wino ukiuchanganya unapata tope. Ziko kijani na buluu za kwenye kioo ambazo wino huo hauwezi kuzifikia kamwe. Mashine ikikutana nazo haikuulizi, inachukua rangi iliyo jirani. Ndiyo maana programu nyingi za usanifu humpa mtu nafasi ya kuchagua, kabla hajachora mstari wa kwanza, kama anafanya kazi ya mwanga au ya wino. Wengi huipita nafasi hiyo bila kuisoma.

Dhahabu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa si rangi tu, ni namna ya kung'aa. Geuza pete kidoleni, upande mmoja unakuwa karibu mweupe na mwingine kahawia. Namba tatu hazigeuki. Fundi wa kompyuta anaweza kuiga mng'ao kwa kuteremsha manjano hafifu mpaka kahawia. Mchapaji wa kadi za harusi anaweza kutumia wino wenye unga wa madini, nao una bei yake mbali. Bango la shule halifiki huko.

Tumati walimaliza kwa kamati kulipa nusu ya bango la pili, na nusu nyingine kijana akaibeba mwenyewe. Safari hii aliagiza kwanza kipande cha majaribio chenye ukubwa wa daftari, mzee akakipeleka nje juani kukitazama. Nimeambiwa siku hizi ukuta wa duka lile una vipande kama hivyo, kila kimoja kimeandikwa namba zake nne za wino na jina chini yake: jani la mgomba, bizari, damu ya mzee. Mteja anaweka kidole kwenye kipande, na kompyuta inafunguliwa baadaye.